Mwanga Uuamue Wewe, si Simu: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Ubunifu kwa Simu ya Kawaida

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaotaka kupiga picha ni hili: ninunue simu gani? Nami huwajibu: anza na hiyo iliyomo mfukoni. Tecno, Infinix, Samsung ya bei ya kati au iPhone ya mtumba, zote zinatoa picha ya kuchapwa na kutundikwa ukutani. Picha nyingi hazipendezi kwa sababu mpigaji ameiachia simu iamue mwanga. Simu haijui kama unampiga babu aliyevaa kanzu nyeupe au mlango mweusi wa mvule. Inakisia tu, na mara nyingi inakisia vibaya.

Mwongozo huu nimeuweka Mji Mkongwe, Unguja. Ndani ya mwendo wa dakika chache unapata jua kali la wazi, vichochoro vya kivuli, bahari inayotazama machweo, na taa za wauza chakula usiku pale Forodhani. Kama uko Lamu, Mombasa, Tanga au Bagamoyo, mambo ni yale yale. Ukiwa bara pia utafaidika, kwani jua letu ni moja.

Hatua ya kwanza: andaa simu kabla hujatoka

Futa lenzi. Nalisema la kwanza kwa sababu pwani hewa ina chumvi na simu inakaa mfukoni na jasho. Lenzi yenye mafuta ya kidole hutoa picha yenye ukungu, na kila taa inachirizika. Kitambaa laini cha pamba kinatosha. Pumulia lenzi kidogo, kisha futa.

Ingia kwenye mipangilio ya kamera, washa gridi, ile mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo. Zima flashi kabisa. Zima pia modi ya urembo. Simu nyingi zinazouzwa kwetu zinakuja na modi hiyo, na kazi yake ni kusawazisha ngozi na kuing'arisha mpaka mtu anapoteza sura yake. Sioni sababu ya kumpiga mama yangu picha halafu nimpe uso wa mtu mwingine.

Kuhusu megapikseli usijisumbue. Simu iliyoandikwa 50 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 na ushee, ambayo ni safi zaidi penye mwanga mdogo. Iache hivyo hivyo. Zile lenzi za nyongeza za megapikseli 2 zinazowekwa kwenye simu za bei nafuu kwa ajili ya vitu vidogo, zisahau. Kamera kuu ndiyo kamera yako.

Hatua ya pili: lijue jua la kwetu

Miongozo mingi ya picha imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la jioni linatambaa pembezoni mwa anga muda mrefu. Kwetu, karibu na ikweta, jua linashuka wima. Mwanga wa dhahabu, ule laini wa rangi ya asali, unakupa kama dakika 40 kabla ya machweo, na asubuhi muda kama huo baada ya kuchomoza. Likishazama, una dakika 20 hivi za anga ya buluu kabla giza halijatanda. Kwa hiyo ukitaka picha ya machweo, uwe umeshafika na umeshachagua pa kusimama ifikapo saa kumi na moja na nusu. Anayefika saa kumi na mbili na nusu anapiga mabaki.

Upande wa kisiwa nao una maana. Mji Mkongwe uko magharibi ya Unguja, hivyo jua linazama baharini mbele ya Forodhani. Ukitaka jua linalochomoza juu ya maji, nenda Paje, Jambiani au Bwejuu. Huko angalia na maji: wakati wa bamvua bahari inakupwa mbali sana, kina mama wa mwani wanatoka kwenda mashambani mwao, na mchanga unabaki na vidimbwi vinavyoakisi anga. Maji mafu, yanayopwa kidogo tu, hayakupi hilo. Muulize mvuvi yeyote, atakutajia siku.

Mchana je? Wengi husema mchana usipige picha. Mimi sikubaliani nao, ila mchana sharti uingie kivulini. Mwanzoni mwa Machi na kwenye wiki ya pili ya Oktoba jua la Zanzibar linapita juu ya utosi kabisa, na mtu aliyesimama mahali pa wazi anatoka na mashimo meusi badala ya macho. Lakini ingia kwenye vichochoro vya Hurumzi au Mkunazini. Nyumba ni ndefu, njia ni nyembamba, kuta zimepakwa chokaa. Jua linapiga ukuta wa juu upande mmoja, mwanga unaruka kwenda ukuta wa pili, na ukifika chini umeshapoa na kuenea. Wapiga picha wa studio hununua vitambaa na taa ili kupata mwanga wa namna hiyo. Saa tatu mpaka saa tano asubuhi, na saa nane mpaka saa kumi alasiri, vichochoro vinakupa bure.

Hatua ya tatu: shika mwangaza kwa kidole chako

Hapa ndipo kiini cha kazi kilipo, basi soma taratibu.

Simu inapoangalia mbele yako, inapima mwanga wa eneo zima na kujaribu kuufikisha kwenye wastani, yaani kijivu cha katikati. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ikiona weusi mwingi inadhani mwanga hautoshi, inaongeza. Ndiyo maana kanzu nyeupe inayojaza fremu hutoka ya kijivu, na bibi aliyevaa buibui jeusi hutoka na buibui lililopauka na uso uliozidi mwanga.

Dawa yake ni hii. Gusa skrini pale penye kitu unachokijali, kwa kawaida jicho. Simu itaweka fokasi hapo, na pembeni kitatokea kijialama cha jua. Telezesha kidole juu, picha inang'aa. Telezesha chini, inakuwa nzito. Ukigusa na kushikilia kwa sekunde mbili hivi, simu nyingi zinafunga fokasi na mwangaza pamoja, ukiweza hata kusogea bila simu kubadili mawazo.

Sasa kanuni yenyewe: linda sehemu zenye mwanga mkali. Kivuli kilichozama unaweza kukiinua kidogo baadaye wakati wa kuhariri. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe tupu haina kitu ndani yake. Hakuna programu itakayorudisha nyuzi za kofia zilizopotea. Tazama kofia ya kushona kwa mkono. Kwa mbali ni nyeupe tu. Ikaribie ukaone: vijitundu vimezungushiwa uzi kimoja kimoja, maua yamepangwa safu kwa safu, na uzi umeinuka kidogo juu ya kitambaa. Ukiiachia simu iamue, vyote hivyo vinayeyuka. Gusa kofia, vuta jua chini mpaka vitundu vionekane, ndipo upige. Fanya zoezi hilo hilo kwenye dele la shaba la muuza kahawa, kwenye povu la mawimbi na kwenye tanga la jahazi lililopigwa na jua.

Jaribu pia kinyume chake, maana ubunifu unaanzia hapo. Ukiwa Forodhani jioni, gusa anga karibu na jua, vuta chini kabisa. Watu na ngalawa wanageuka maumbo meusi juu ya rangi ya chungwa. Picha ya namna hiyo inategemea umbo peke yake, kwa hiyo ngoja watu waachane, miguu ionekane, makasia yatoke nje ya mwili. Watu wawili waliogusana huwa bonge moja lisilosomeka.

Hatua ya nne: piga ngozi yetu kama ilivyo

Kamera hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miongo kadhaa filamu za rangi zilisawazishwa kwa kadi za majaribio zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa macho na meno tu. Simu zimeanza kurekebisha. Google, kwa mfano, ilitoa teknolojia ya Real Tone pamoja na Pixel 6 mwaka 2021, na Tecno nayo inajinadi kwa ngozi za Kiafrika. Hata hivyo kazi kubwa bado ni yako.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: kile kiwimbi cha mwanga kwenye shavu, kwenye paji la uso, kwenye ukingo wa pua. Kwa hiyo unatafuta mwanga mpana unaotoka ubavuni. Msimamishe mtu mlangoni au ndani ya daka, hatua moja kutoka penye jua, mwili ukielekea nje kidogo. Mwanga wa nje utamwagika upande mmoja wa uso na kufifia taratibu kuelekea upande wa pili. Mwambie ageuze kidevu polepole kuelekea nje, na wewe tazama macho: kikitokea kijidoa cha mwanga ndani ya mboni, simama hapo hapo.

Kisha angalia nyuma yake. Ukuta mweupe unaong'aa nyuma ya uso mweusi unaichanganya simu, uso unazama. Chagua ukuta wa rangi ya kati: chokaa iliyozeeka, mlango wa mbao, kijani kilichochakaa, au khanga. Seydou Keïta, mpiga picha mkubwa wa Bamako nchini Mali, alifungua studio yake mwaka 1948 na picha zake nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma ya watu akitundika kitambaa cha maua. Sisi tuna khanga kila nyumba. Tundika doti moja kwenye kamba kivulini, msimamishe mtu hatua mbili mbele yake, una studio. Kama uso bado ni mzito, mtu ashike karatasi nyeupe kubwa au kipande cha boksi upande wa kivuli, mwanga urudi.

Umbali nao una adabu zake. Kamera kuu ya simu inaona pana. Ukimsogelea mtu usoni, pua inavimba na masikio yanajificha. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, kisha kuza kwa mara 2 (2x). Zaidi ya hapo, kwenye simu isiyo na lenzi ya kuvuta, unakata picha tu na ubora unaporomoka. Tembea kwa miguu yako. Modi ya kufifisha nyuma itumie kwa uangalifu, kwani mara nyingi inakosea kwenye kingo za mtandio na nywele za afro. Ikuze picha uangalie kingo kabla hujamwachia mtu aondoke.

Hatua ya tano: salamu kwanza, simu baadaye

Mji Mkongwe ni makazi ya watu. Mzee anayecheza bao barazani hakutoka nyumbani awe pambo la picha zako. Simu iwe mfukoni, amkia. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba, mwanangu." Kaa, nunua kikombe cha kahawa na kashata, fuatilia mchezo. Halafu omba: "Mzee, naomba ruhusa nikupige picha hapo hapo ulipo, endelea tu na bao lako." Akikubali, utapata uso uliotulia. Akikataa, mshukuru, kunywa kahawa yako. Kina mama waombe mara mbili zaidi ya hapo, na watoto usiwapige bila mzazi wao kujua. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo ya bandari usiyaelekezee kamera.

Ukisharuhusiwa, usipige moja na kuondoka. Picha ya kwanza mtu anakuwa amejikaza. Endelea kuongea, piga anapocheka, piga anapoangalia kete, piga mikono peke yake. Mikono ya mcheza bao inapochota na kusambaza kete inaweza kusema mengi kuliko uso.

Hatua ya sita: panga fremu

Gridi ipo ili ikukumbushe kwamba katikati si mahali pekee. Mweke mtu kwenye mstari wa kushoto au kulia, mpe nafasi upande anaotazama. Lakini sheria hiyo usiifanye msahafu. Milango ya Zanzibar, kwa mfano, inataka katikati. Simama uso kwa uso nayo, simu ikiwa wima sawasawa na mlango, kwa urefu wa kifua, ili miimo isilale. Ukiinamisha simu kwenda juu, mlango unasinyaa kileleni.

Nakshi zinataka mwanga wa ubavuni. Mlango uendee saa ambayo jua linaupitia kwa pembeni, na maua na minyororo iliyochongwa kwenye fremu itainuka yenyewe. Ukimaliza mlango mzima, sogea: msumari mmoja wa shaba uliong'arishwa na mikono ya wapitao, ule mfaa wa katikati, ufa wa mbao. Kitu kidogo kilichopigwa kwa makini kinaweza kubeba nyumba nzima.

Kabla hujabonyeza, pitisha jicho kwenye kingo nne za skrini. Waya wa umeme unatoka kichwani mwa mtu? Sogea hatua moja kushoto. Ndoo ya plastiki imeingia pembeni? Inama. Kupiga ukiwa umechuchumaa hubadili kila kitu, hasa baada ya mvua za masika, vichochoro vikiwa na madimbwi: geuza simu juu chini ili lenzi ikaribie kugusa maji, na mnara wa msikiti utajikuta ndani ya dimbwi.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni kungoja. Tafuta kwanza mahali penye mwanga mzuri, kona yenye mshale wa jua ukutani, funga fokasi na mwangaza hapo, halafu tulia. Mtu wa baiskeli atapita. Mwanafunzi wa chuo mwenye hijabu nyeupe atapita. Wewe unachagua ni hatua gani aliyopiga inayoikamilisha fremu. Ukitaka walimu, tafuta picha za zamani za Mji Mkongwe za Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Zitazame uone kivuli kimewekwa wapi na mtu amesimama wapi.

Hatua ya saba: mwendo na usiku

Vijana wanaoruka baharini pale Forodhani jioni ni darasa zuri la mwendo. Shikilia kitufe cha kupigia (kwenye baadhi ya simu unakivuta pembeni) ili simu ipige mfululizo, na anza kabla mtu hajaruka. Kama simu ina modi ya kitaalamu, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde ili kugandisha maji hewani. Ukitaka kinyume chake, watu wafifie wakipita sokoni Darajani huku mchuuzi akibaki wazi, weka 1/8 na uegemeze simu kwenye nguzo.

Usiku, modi ya usiku hupiga picha nyingi na kuziunganisha, kwa hiyo kosa kubwa ni kutikisika. Bana viwiko mbavuni, egemea ukuta, toa pumzi, tumia kipima muda cha kamera cha sekunde 3 ili kidole kisiisukume simu. Kwa wauza mishkaki, simama upande ambao taa iko nyuma ya moshi. Moshi unaomulikwa kutoka nyuma unang'aa, ukimulikwa kutoka mbele unapotea. Gusa penye mwanga, vuta chini. Giza liache liwe giza. Ukiona michirizi ya mlalo kwenye picha, ni taa: umeme wetu ni wa hezi 50, basi weka kasi 1/50 au 1/100, michirizi itaondoka.

Hatua ya nane: hariri kidogo, tuma vizuri

Snapseed, programu ya kuhariri picha kwenye simu, ni ya bure na inatosha. Nyoosha upeo wa bahari kwanza, kata kingo, shusha sehemu zenye mwanga mkali, inua vivuli kidogo sana, angalia rangi ya ngozi isiegemee kijivu wala chungwa. Kile kifaa cha kuhariri sehemu moja tu ya picha kinakuwezesha kuongeza mwanga usoni bila kuigusa kanzu. Nyeusi na nyeupe itumie pale ambapo umbo na kivuli ndivyo habari. Soko la vitambaa usilinyang'anye rangi zake.

WhatsApp inakandamiza picha. Mtumie mtu kama dokumenti, au chagua HD. Ukienda kuchapa, picha ya megapikseli 12 inatosha kabisa ukubwa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi. Mpelekee mwenye duka faili halisi kwenye flashi au kwa waya, si ile iliyokwishapita kwenye makundi, na umwambie mapema asiongeze weupe: baadhi ya mashine za kuchapa zimewekwa zing'arishe picha zenyewe. Chapa mbili, moja yako na moja ya mzee wa bao.